Mgiriki wa Mjomba

Jumanne iliyopita aliingia dukani kijana mmoja na bahasha ya kaki kwapani, anataka nakala za leseni ya silaha ya marehemu baba yake. "Mama, nitolee mbili mbili." Nikamwambia, "Baba, toa sita sita." Akaniangalia lile jicho la kusema huyu mama anatafuta hela ya kula. Simlaumu. Duka langu la steshenari lipo Morogoro mjini, nakala moja shilingi mia, na mwisho wa mwezi hata mimi mwenyewe najishuku. Nikamvutia stuli akae nimsimulie habari za Mgiriki. Hakukaa, ana haraka. Basi nawasimulia ninyi.

Mgiriki ni bunduki. Ni raifo ya Kijerumani, Mauser, iliyotengenezwa Oberndorf, mji ulio kando ya mto Neckar. Kitako chake ni cha mbao nzito yenye rangi ya kahawa iliyokaangwa ikapitiliza, na ubao wa mbele unaishia kwa ncha iliyobinuka chini kama mdomo wa ndege. Vifyatulio ni viwili. Nilipokuwa mdogo nilidhani ina risasi mbili za kutoka kwa pamoja, mpaka Mjomba aliponionyesha: cha nyuma unakivuta kwanza, kinalia tik, halafu cha mbele kinakuwa chepesi kiasi kwamba ukikipumulia tu kinaachia. Karibu na chemba, pale risasi inapokaa, kuna vitaji vitatu vidogo vimegongwa kwenye chuma, kimoja juu ya herufi B, kingine juu ya U, cha tatu juu ya G. Ni alama za wakaguzi wa Kijerumani, maana yake mtutu umejaribiwa kwa moto, umekaguliwa, na ndani una michirizi ya kuizungusha risasi. Alama hizo zilibadilishwa mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili. Mjomba alizaliwa 1940. Kwa hiyo Mgiriki alikuwa mkubwa wake kwa umri, na alimheshimu hivyo.

Risasi zake ni zile za milimita 9.3, ganda milimita 62. Mjomba aliziita "tisa-tatu". Alizibuni fundi mmoja wa Berlin, Otto Bock, mwaka 1905, akiwalenga Wajerumani waliokuwa wanakwenda kulima kwenye makoloni ya Afrika na hawana pesa ya kununua bunduki kubwa za Kiingereza za mitutu miwili. Risasi yenyewe ina uzito wa gramu 18 na nusu hivi. Mwaka uleule wa 1905, huku kusini kwetu, watu walikuwa wanapewa dawa na kuambiwa risasi ya Mjerumani itageuka maji. Huwa nalifikiria hilo nikiishika, halafu naendelea na kazi.

Sasa Mgiriki mwingine, Mgiriki mtu, alikuwa na shamba la mkonge upande wa Kimamba, wilaya ya Kilosa. Wakati huo Wagiriki wenye mashamba ya mkonge pale hawakuwa wachache. Reli ya kati inapita mlangoni, katani inapakiwa hiyo inakwenda Dar. Mjomba aliingia kwake 1958 akiwa na miaka kumi na minane, tanboi wa lori. Siku moja lori likaharibika nyikani, mzungu akataka mtu wa kumbebea bunduki, tanboi akanyoosha mkono. Toka hapo kila Jumapili walikuwa Nyika ya Mkata wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Sehemu kubwa ya nyika ile ikaja kuwa Hifadhi ya Mikumi mwaka 1964, wakawa wanazunguka mbali zaidi.

Hadithi ya jinsi bunduki ilivyobadilisha mikono kila mtu kijijini kwetu anaijua. Mgiriki mtu alimjeruhi mbogo. Mbogo akaingia kwenye matete. Wakamfuata damu, na yeye, kama ilivyo ada ya mbogo, akazunguka akawatokea mgongoni. Mzungu akaanguka, bunduki ikaruka. Mjomba akaidaka hewani, risasi moja, mbogo akalala na pua yake inagusa kiatu cha mzungu. Mzungu akalia kama mtoto, akasema kuanzia leo hii ni yako. Utotoni mwangu pua iligusa kiatu. Nilipofika sekondari ilikuwa inagusa goti. Mbogo yule alikuwa anasogea mwaka hadi mwaka, na Mjomba alikuwa anasikiliza tu, anachokonoa meno.

Alifariki Agosti 2020. Siku ya kuondoa tanga watani walikuja kama kawaida yao. Mmoja alivaa koti la Mjomba ndani-nje, mchi begani, anatembea kwa maringo yale yale ya marehemu; mwenzake amejifunika ungo kichwani, ndiye mbogo. Mbogo akamfukuza mzungu (mzungu alipakwa unga wa muhogo usoni) mpaka jikoni, wakapindua sufuria. Mchi ukalia "Pu!", mbogo akaanguka na kuomba soda. Watu walicheka msiba ukasahaulika kidogo. Mke wa Mjomba alicheka kuliko wote, alicheka mpaka akajifunika khanga usoni. Mimi nilidhani ni kile kicheko cha mfiwa, ambacho ndani yake ni kilio.

Bunduki yenyewe hatukukaa nayo. Mwenye leseni akifa, silaha inakwenda polisi, hakuna mjadala, na familia ikichelewa inajitafutia kesi. Tuliipeleka siku ya tatu baada ya mazishi, imefungwa kwenye blanketi, wakatuandikia hati ya mapokezi. Nikamwona Mgiriki anaingia ghala la silaha na kikaratasi kimefungwa shingoni kama mtoto wa kliniki.

Ndipo kikakaa kikao cha ukoo.

Kwetu Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mimi ni wa ukoo wa mama, Mjomba ni kaka wa mama, kwa hiyo mimi na Mjomba ni ukoo mmoja. Watoto wake wa kuzaa ni wa ukoo wa mke wake. Mila ya zamani ilikuwa mali ya mwanamume inaelekea kwa wapwa zake. Siku hizi mambo yamebadilika. Nyumba na shamba vilikwenda kwa mjane na watoto bila mtu kukohoa, na ingekuwa aibu kusema vingine. Bunduki ndiyo ikaleta maneno. Mjomba alishatamka mbele ya wazee wawili kuwa bunduki apewe "Mama". Mama ni mimi: nimepewa jina la mama yake, basi tangu nikiwa na umri wa kubebwa mgongoni aliniita hivyo, na shikamoo zangu alizipokea anacheka. Binamu yangu mkubwa, dereva wa malori, hakufurahi. Akasema, "Dada, ni jasho la baba." Mzee mmoja akasimama akatoa hukumu yake: ingekuwa jasho, ingekwenda kwa watoto. Lakini hii ni zawadi ya ushujaa, alipewa yeye kwa damu yake, na damu yake ni huku. Akanionyesha kidole.

Kwa hiyo niliipata kwa sababu ya yule mbogo. Likumbukeni hilo.

Kwa nini mimi, mwanamke, muuza kalamu? Ni kwa sababu ya maji ya moto. Miaka ya themanini nilikuwa napelekwa kwa Mjomba kila likizo ya Desemba. Alikuwa anakwenda kwa bwana nyama, anakata leseni yake, anarudi na swala au kongoni, na mwaka wa baraka nyati. Risasi alizokuwa nazo wakati huo nyingi zilikuwa za zamani sana, ambazo fataki yake, ile ya kuwasha baruti, inaacha chumvi ndani ya mtutu. Ukilala bila kusafisha, asubuhi mtutu umeota kutu. Dawa ni maji yanayochemka. Binamu zangu walikuwa wanakimbilia nyama. Mimi nilibaki na birika.

Alikuwa anachomoa komeo lote, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, anasimamisha bunduki mdomo chini ndani ya beseni, anaweka faneli ndogo ya bati kwenye chemba. Mimi namimina. Maji ya kwanza yanatoka chini meusi tii, yana harufu ya kiberiti na yai lililooza. Ya pili yana kijivu. Ya tatu yanatoka kama yalivyoingia. Kufikia hapo mtutu umepata moto huwezi kuushika kwa mkono mtupu, anaukamata kwa gunia, na hayo ndiyo mahesabu yenyewe, kwa sababu chuma cha moto kinajikausha chenyewe ndani ambako kitambaa hakifiki vizuri. Halafu anapitisha uzi wenye kipande cha khanga kuukuu, halafu khanga yenye mafuta ya cherehani. Mwisho ananiambia, "Mama, chungulia." Nachungulia. Michirizi inazunguka kwenda mbele kama ngazi ya mnara, inang'aa, na mwisho wake kuna duara dogo la anga.

Sijawahi kumfyatua Mgiriki hata mara moja. Mafunzo ya kupatia cheti nilifanyia bunduki ya watu.

Maombi ya silaha yanaanzia serikali ya mtaa, yanapanda kata, wilaya, mkoa, mpaka makao makuu, na kila ngazi inataka karatasi za ngazi iliyopita pamoja na zake. Sheria ni ya 2015, iliyofuta ile ya 1991, na kwa kweli sina ugomvi nayo. Muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya usimamizi wa mirathi kutoka Mahakama ya Mwanzo, cheti cha kifo, leseni ya marehemu, picha, alama za vidole, kasiki lililofungiwa ukutani, na afande anayekuja nyumbani kulitikisa aone kama linang'oka. Hayo yote yalikwenda. Nakala nilizitoa mwenyewe usiku baada ya kufunga duka, na kwa mara ya kwanza nikaelewa kwa nini wateja wangu wanafika na nyuso zile.

Nilikwama kwenye namba.

Leseni ya Mjomba, tangu ya kwanza ya 1968, inasema namba ya bunduki inaishia na 7. Chuma kinasema 1. Ile 1 ya Mjerumani ina mkia mrefu unaoteremka mbele, na karani wa 1968, hata sijui alikuwa nani, Mungu amrehemu kama ametangulia, aliisoma 7 akaiandika 7. Miaka yote walionakili walinakili karatasi. Hata kwenye uhakiki wa silaha wa 2016, ambao Mjomba alivaa suti akapanga foleni na miaka yake sabini na sita, waliangalia leseni wakaandika 7. Sasa kuna bunduki inaishia 1 ambayo haina leseni, na kuna leseni inaishia 7 ambayo haina bunduki. Niliambiwa kwa upole kabisa, "Mama, kwa karatasi hizi bunduki ya marehemu haionekani ilipo." Upole huo ulinitoa jasho la mgongo.

Nikaomba nionyeshwe bunduki. Nikaenda na karatasi nyembamba na penseli laini. Nina miaka kumi na tisa nasoma vyeti vya watu vilivyofifia, vilivyolowa mafuriko, vilivyoliwa na mchwa pembeni. Tarakimu moja isingenishinda. Nikaweka karatasi juu ya namba, nikapaka penseli taratibu huku afande ananiangalia. Namba ikajitokeza nyeupe ndani ya weusi. Na bahati nzuri, katikati ya namba hiyo kuna 7 halisi, iliyonyooka juu kama rafu. Ukiziona mbili hizo mstari mmoja hata mtoto wa chekechea anazitofautisha. Afande alikubali kwa kichwa, akasema imependeza, lakini penseli si ushahidi. Hakuna karatasi yoyote ya zamani yenye namba sahihi?

Kulikuwa na daftari.

Daftari la Mjomba tulilijua wote. Gamba gumu, amelivika kaki kama tulivyokuwa tunavika madaftari ya shule, limekaa kwenye sanduku la bati pamoja na vyeti vya ubatizo. Kila risasi iliyotoka imo humo. "3/8/1979. Risasi 1. Kongoni. Ganda lipo." "19/11/1984. Risasi 2. Nguruwe. Ganda 1 limepotea majanini." Chini yake, kesho yake: "Limeonekana." Miaka ambayo uwindaji ulifungwa nchini, 1973 hadi 1978, hakuacha ukurasa mtupu, kila mwaka ameandika "Risasi 0" na sahihi yake, kama mtu anayesaini mahudhurio ya kanisani. Nililisoma lote. Namba ya bunduki haimo.

Nikawa nalishikashika tu, mazoea ya kazi, nikagundua gamba la mbele ni nene kuliko la nyuma. Ile kaki ilikuwa imebandikwa kwa gundi ya ugali pamoja na ukurasa wa kwanza. Niliupulizia mvuke wa birika, birika tena, nikaubandua kwa rula ya chuma.

Ukurasa wa kwanza, mwandiko wa Mjomba akiwa kijana, wino wa bluu:

"14/2/1968. Bunduki 1 ya Mauser", namba yake inaishia 1, mkia mrefu na yote, ameinakili kama alivyoiona. "Risasi 43. Badala ya mshahara wa miezi 9 kwa 120/-, jumla 1,080/-. Nimekubali." Sahihi yake, na pembeni sahihi nyingine ya kukunjakunja ambayo si ya mtu wa kwetu.

Nilikaa chini. Duka lilikuwa limefungwa, nilikuwa na mashine inapumua peke yake.

Ukitazama miaka unaona ilivyokuwa. Bei ya mkonge ilishaanza kuporomoka tangu 1964, kamba za nailoni na ndugu zake zimeingia sokoni. Azimio la Arusha likaja Februari 1967, na Oktoba mwaka huo serikali ikachukua mashamba makubwa ya mkonge. Mzungu alikuwa anafunga mizigo na hana pesa ya watu. Wengine nasikia waliondoka na mabati, wengine baiskeli. Mjomba alipewa Mgiriki. Mbogo hakuwepo. Au alikuwepo siku nyingine, kwa mambo mengine.

Na mzee wa kikao alisema nini? Ingekuwa jasho, ingekwenda kwa watoto.

Nitasema ukweli wote kwa sababu kijana wa Jumanne hakukaa kuusikia. Nilisimama mbele ya mashine, nikaweka ukurasa ule juu ya kioo, nikachukua karatasi nyeupe nikaifunika ile mistari ya chini. Watu wa kazi yangu tunajua: ukiweka karatasi safi vizuri, kivuli cha ukingo hakionekani. Nikabonyeza. Ikatoka nakala safi, tarehe, bunduki moja, namba, basi. Polisi walihitaji namba tu, na namba ni ya kweli. Nikailaza kwenye bahasha. Halafu nikainua karatasi nyeupe, nikatoa ya pili ikiwa nzima, nikakaa nayo wiki mbili kwenye droo ya rimu za A4.

Binamu alipita na lori lake anatoka Iringa, akaegesha barabarani apate chai. Nikampa. Aliisoma amesimama. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Aliuliza kitu kimoja: "Miezi tisa? Sasa mama alikuwa anakula nini?"

Maana yeye alizaliwa Desemba 1967. Hesabu ikamwangukia yeye mwenyewe.

Jumapili tukaenda wote wawili kijijini, kwa mke wa Mjomba. Tukamsomea. Mbali anaona vizuri, karibu haoni. Akauliza, "Limeandika hivyo? Kaandika?" Tukamwambia ndiyo. Akacheka kile kicheko cha siku ya tanga, nikakitambua, kumbe hakikuwa cha mfiwa.

"Mbogo!" akasema. "Mbogo gani? Tulikula mihogo. Mihogo asubuhi, mihogo jioni, na huyu" (akamnyooshea mwanawe wa miaka hamsini na kitu) "ananyonya maji matupu. Akaja na lile dude begani, amefurahi! Nilimwambia, baba fulani, bunduki haichemki. Nitaiweka kwenye chungu gani? Nikanyamaza naye mpaka mahindi yakakomaa. Mwaka wa pili akaleta nyama, basi, nikaongea."

Binamu akamuuliza kwa nini hakusema miaka yote ile watu wanasimulia mbogo. Akamtazama kama anayeuliza kwa nini mvua inanyesha. "Ningemwaibisha baba yako mbele ya watoto? Na hadithi ilikuwa nzuri."

Tukarudi kwenye suala la nani mwenye bunduki, kwa kuwa lilikuwa limekaa katikati yetu kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Nikamwambia binamu, mwenye haki ni wewe, maombi naweza kuyaondoa. Akasema yeye analala kwenye lori siku ishirini za mwezi, kasiki atalifunga kwenye tela? Na ana vijana wawili nyumbani asiowaamini na simu, sembuse bunduki. Alishafuatwa pia, kabla ya arobaini haijaisha, na mtu wa kutaka kuikodi "kwa usiku mmoja tu". Alimfukuza, lakini hakusahau bei aliyotajiwa, na hilo ndilo lililomtisha. Akasema, "Kaa nayo, dada. Lakini useme ni mshahara." Nikamwambia nitasema. Ndiyo nasema.

Kwa njia, tulipiga hesabu njiani: shilingi 1,080 leo ni nakala kumi, na chenji ya pipi moja.

Marekebisho ya namba yalichukua miezi mingine, nisiwachoshe. Februari 2023 Mgiriki akaja nyumbani, na risasi sita. Miaka miwili na nusu ghalani haikumpendeza. Kitako kimepauka, kutu nyekundu imekaa kwenye skrubu kama unga wa pilipili, na ndani ya mtutu mafuta yameganda yakawa kama nta. Nikavuta uzi, kitambaa kikagoma katikati.

Ilitokea mke wa Mjomba alikuwa kwangu wiki hiyo kwa ajili ya kliniki ya macho. Nikabandika maji. Nikachomoa komeo, nikasimamisha mtutu kwenye beseni, nikatafuta faneli; ile ya bati ilishapotea, nikatumia ya plastiki ya mafuta ya taa. Mikono yangu yote miwili ikawa imeshika bunduki na gunia, hakuna wa kumimina. Akanyanyuka mwenyewe, akapapasa mpini wa birika, nikamwelekeza mkono mpaka kwenye faneli. Akamimina. Yakatoka chini meusi, yana vipande vya nta. Akamimina tena. Mvuke ukampanda usoni akawa anaurudisha kwa khanga.

"Inatoka nini?" akauliza.

"Uchafu, bibi. Mimina tu."

Akamimina mpaka birika likaisha, akasikiliza maji yanavyogonga beseni, akalitua.

"Basi leo imechemka," akasema.